Mheshimiwa Waziri, Mguu Usiouma Nao Huvunjika

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, na nikijua fika kwamba mezani kwako kuna mafaili mazito kuliko hili langu, naomba ruhusa ya kukuandikia mbele ya kadamnasi. Ningeweza kuipitisha barua hii kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, naye akaipeleka mkoani, na pengine siku moja ingekufikia. Nimeiandika wazi kwa kuwa wengi ninaowaombea wako majumbani, vitandani na kwenye viti vyao, na ningependa nao waisome au wasomewe, wajue kilichoombwa kwa niaba yao. Ikiwa kwa kufanya hivyo nimevuka mpaka wa adabu, nakuomba radhi kabla sijaendelea.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Muheza, mkoani Tanga. Ninatumia kiti mwendo tangu ajali ya basi iliponiumiza uti wa mgongo. Kuanzia kitovuni kushuka chini sina hisia, na miguu haiitikii amri yangu. Nakuandikia kuhusu mifupa ya miguu hiyo. Naomba unistahimilie, Mheshimiwa, maana jambo hili halijulikani sana hata kwa sisi tunaoishi nalo, na nisipolieleza tangu chini ombi langu litaonekana dogo kiasi cha kutostahili saini yako.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna seli zinazoubomoa kidogokidogo na nyingine zinazoujenga upya, na kwa mtu mzima anayetembea kazi hizo mbili hulingana. Kinachozilinganisha ni mzigo: uzito wa mwili unaposhuka mguuni kwa kila hatua, na misuli inapouvuta mfupa. Julius Wolff, daktari mpasuaji wa Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu jambo hili mwaka 1892, akionyesha kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba. Leo tunajua zaidi. Ndani kabisa ya mfupa zimezikwa seli ambazo kazi yake ni kuupima mzigo huo. Mzigo ukikoma, seli hizo hutoa kwa wingi protini iitwayo sklerostini, nayo huwazuia wajenzi wasijenge, huku wabomoaji wakiendelea na kazi kwa kasi kuliko kawaida.

Uti wa mgongo unapokatika au kupondeka, mzigo hukoma siku hiyohiyo. Katika wiki za kwanza tu, vipimo vya damu na mkojo huonyesha mfupa unavyobomolewa, na kasi hiyo hufika kileleni ndani ya miezi michache ya mwanzo. Vipimo vya mwaka wa kwanza vimeonyesha upotevu wa takriban asilimia 4 kwa mwezi katika sehemu za mfupa zenye matundumatundu kama zile za kuzunguka goti, na takriban asilimia 2 kwa mwezi katika sehemu ngumu. Wanaanga wanaokaa miezi kadhaa angani, ambako mwili hauna uzito, hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 kwa mwezi kwenye nyonga. Mashirika yao yamewatengenezea mashine za mazoezi, yamewapangia madaktari na vipimo kabla na baada ya safari, na wakirudi duniani wanasimama tena kwa miguu yao. Siwaonei wivu. Nataja tu kwamba dunia inakijua kiini cha tatizo hili, na imekuwa ikilifanyia kazi kwa bidii pale ilipoona inafaa.

Mwaka 2004 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya kuwapima watu waliopooza kwa muda mbalimbali. Katika ncha za mifupa karibu na goti, mfupa wa paja ulikuwa umepoteza takriban nusu ya uzito wake, na muundi takriban asilimia 60, kabla ya upotevu kutulia kati ya mwaka wa tatu na wa nane. Sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea mapema, wakati mgonjwa angali wodini au ametoka juzijuzi, wakati ambapo kila mmoja wetu anauliza swali moja tu: nitatembea tena? Mfupa hauna anayeuulizia.

Naomba nisieleweke vibaya, Mheshimiwa. Siwalaumu madaktari na wauguzi kwa kutazama kwingine. Kuna sababu ya kihistoria, tena ya heshima. Kabla ya daktari Ludwig Guttmann kufungua kitengo chake cha majeruhi wa uti wa mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza, mwezi Februari 1944, watu wengi wenye majeraha kama yangu walikufa mapema, wakiuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Ni wachache mno walioishi muda wa kutosha kuujua udhaifu wa mifupa yao. Guttmann alisisitiza kugeuzwa kitandani usiku na mchana, kibofu kutunzwa, na mgonjwa kurudi kwenye maisha na michezo. Watu wakaanza kuishi. Mifupa ni tatizo la waliookoka. Hapa kwetu tungali tunapigania kugeuzwa kitandani na mipira ya mkojo iliyo safi, na mtu yeyote mwenye busara angesema tumalize hayo kwanza. Mimi mwenyewe ningesema hivyo, kama mfupa uliovunjika usingekuwa mlango wa kidonda kipya.

Sisi ni nani? Pale Kilimanjaro, ambako watafiti wamefuatilia kwa makini chanzo cha majeraha ya uti wa mgongo, kuanguka kutoka juu kumeonekana kuongoza, ajali za barabarani zikifuata. Hapa Tanga sitashangaa hali ikiwa hiyohiyo. Kikundi chetu kidogo kina mkwezi wa nazi, kijana wa bodaboda, mama aliyeanguka na tenga la machungwa kichwani kwenye njia ya utelezi, na mzee mmoja ambaye hakuanguka kabisa, uti wake uliliwa na kifua kikuu. Ndugu zetu wachumaji wa karafuu wa Pemba nao wanaijua miti vizuri, ila wao wana Wizara yao, nami sitaki kumzungumzia Waziri mwingine mbele yako. Wengi wetu tuliumia tukiwa vijana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo, na miaka tunayoishi nalo inaongezeka, kwa sehemu kwa juhudi za watu walio chini yako. Kwa hilo tunashukuru kwa dhati.

Sasa niruhusu nikueleze jinsi mguu wa namna hii unavyovunjika, kwa kuwa haufanani na mguu wa mtu mwingine.

Wangu wa kulia ulivunjika nikihama kutoka kitini kwenda kitandani, kazi ninayoifanya kila usiku. Kisigino kilinasa kwenye kikanyagio cha kiti, kiuno kikageuka, goti lisigeuke. Nilisikia mlio kama wa ufito unaovunjwa. Maumivu hayakuja. Asubuhi goti lilikuwa limejaa, ngozi yake ya moto, na miguu yote miwili ilikuwa inakaza na kuruka kuliko kawaida yake. Jioni ikaja homa. Jirani mwema aliutazama mguu akasema ni matende, na katika ukanda wetu wa pwani hilo si wazo la ajabu. Kituoni nilikopelekwa, ambako walinipokea kwa utu, nilipimwa malaria, haikuonekana. Nikaulizwa kama mguu unauma. Nikajibu ukweli, kwamba siusikii. Kwa kuwa ngozi ilikuwa nyekundu, nikaandikiwa dawa ya kuua vijidudu na kurudishwa nyumbani. Picha ya eksirei ilikuja kupigwa baadaye sana, mahali pengine, kwa msimamo wa kijana wa mazoezi tiba aliyeweka viganja viwili juu ya goti langu na kuisikia mifupa inasagana. Mfupa wa paja ulikuwa umekatika sentimita chache juu ya goti, vipande vimepandana.

Sikisemi kisa hiki ili mtu aadhibiwe. Yule tabibu alifuata alichofundishwa: uvunjikaji huanza na kuanguka, na hujulikana kwa maumivu. Kwetu sisi vyote viwili vinaweza kukosekana. Mguu wetu huvunjika tukigeuzwa kitandani, tukivalishwa suruali, tukinyooshwa viungo na ndugu mwenye mapenzi lakini mwenye nguvu nyingi. Dalili zake ni uvimbe wa ghafla wa mguu mmoja, joto, wekundu au weusi wa ngozi, miguu kukaza kupita kawaida, homa, wakati mwingine umbo la mguu kubadilika. Kwa wale walioumia juu, usawa wa kifua au shingoni, mwili unaweza kulalamika kwa njia nyingine kabisa: presha kupanda ghafla, kichwa kugonga, jasho kutoka usoni na mabegani. Presha hiyo inaweza kuua mtu kabla haijajulikana kwamba amevunjika.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, ombi langu ni hili. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba Wizara yako itoe mwongozo mfupi kwamba mtu aliyepooza miguu akifika kituo chochote na mguu mmoja uliovimba ghafla, apigwe picha ya eksirei ya mguu ule, goti likiwemo, hata kama hajaanguka na hata kama hasikii maumivu. Na mpaka picha itakapoonekana, mguu huo usichuliwe, usinyooshwe, uegemezwe tu palipo laini. Kituo kisicho na eksirei kimpe rufaa siku hiyohiyo.

Najua vituo vya afya na hospitali za wilaya vinasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na kwamba sera na miongozo ya tiba ndiyo ya kwako. Ndiyo maana naomba mwongozo, jambo lililo mikononi mwako kwa sheria, na siombi jengo. Serikali imekwisha kusambaza mashine za eksirei za kidijitali na CT katika hospitali za rufaa za mikoa, jambo ambalo sisi wa mikoani tumeliona kwa macho na tunalishukuru. Mashine zipo. Kinachokosekana ni sentensi moja katika kichwa cha anayempokea mgonjwa.

Wataalamu wako watakuambia, na kwa haki, kwamba mguu wa aliyepooza una sababu nyingi za kuvimba. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa, na hilo ni la hatari, lazima litafutwe. Ngozi inaweza kupata maambukizi. Mfupa wa ziada unaweza kuota ndani ya nyama karibu na nyonga. Na mtu anayeshinda kitini huvimba nyayo zote mbili jioni bila ugonjwa mpya. Sina ubishi. Siombi picha ichukue nafasi ya uchunguzi mwingine; naomba isikosekane kati yao. Gharama ya picha moja ni ndogo mno ukiilinganisha na kinachofuata ikikosekana.

Kinachofuata, Mheshimiwa, nimekiona kwa mwenzangu, yule mkwezi. Muundi wake ulivunjika karibu na goti, ukagunduliwa mapema, tukafurahi. Akafungwa hogo, plasta ngumu ya kawaida, kuanzia pajani hadi vidoleni, akaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa. Mtu mwenye hisia plasta ikimbana kisigino hupiga kelele usiku uleule. Yeye hakuwa na wa kumpigia kelele. Plasta ilipofunguliwa harufu ilitangulia, na kisigino kilikuwa kimeoza hadi mfupani. Mfupa uliunga vizuri. Kidonda kilimlaza mwaka uliobaki.

Hii ndiyo sababu miongozo ya wenzetu inaonya juu ya plasta ngumu juu ya ngozi isiyo na hisia. Inashauri banzi lenye pamba nyingi, linalofunguka, ngozi ikitazamwa kila siku, na katika baadhi ya mivunjiko upasuaji, hasa mfupa usipokaa mahali pake au mgonjwa anapohitaji kurudi kitini mapema. Zamani ilidhaniwa kwamba asiyetembea hana haja ya mguu ulionyooka. Naomba niseme kwa heshima kwamba tuna haja nao. Mguu uliopinda haukai vizuri kwenye kikanyagio, hubadilisha namna tunavyokaa, na kukaa vibaya kwetu ndiko kunakozaa vidonda vya makalio. Nakuomba sentensi ya pili ya mwongozo huo, kama nafasi itaruhusu, iseme juu ya plasta.

Kuhusu kinga, nina machache ya kusema, na nitayasema kwa tahadhari kwa kuwa mimi si daktari.

Kalsiamu inayotoka kwenye mifupa yetu hupitia mkojo, na baadhi yetu hupata mawe ya figo au ya kibofu katika miezi ya mwanzo. Hapo familia nyingi huambiwa, au hujiambia, kwamba mgonjwa aache maziwa na dagaa. Nimekutana na dada aliyenyimwa dagaa kwa miaka, katika nyumba ambayo dagaa ndiyo kitoweo cha kila siku, na waliomnyima walifanya hivyo kwa upendo. Kalsiamu ile haikutoka kwenye sahani yake, ilitoka kwenye miguu yake. Mlo wa kawaida wenye kalsiamu ya kutosha ndio unaoshauriwa, maji mengi, na vitamini D, ambayo watu wa nchi yenye jua kama yetu huikosa pindi wanapofungiwa ndani. Kumtoa mgonjwa uani asubuhi hakuhitaji bajeti.

Kuhusu kusimamishwa kwenye fremu au meza ya kusimamia, wengi tumeahidiwa kwamba kunarudisha mifupa. Kuna faida nyingine, viungo havikakamai upesi na mtu huona dunia kwa kimo chake cha zamani, na hilo si dogo. Lakini ushahidi kwamba kusimama peke yake hurudisha mfupa uliokwisha kupotea ni hafifu. Baiskeli zinazochezesha misuli kwa umeme zimesaidia baadhi ya watu walioanza mapema na kuendelea kwa muda mrefu. Wakiacha, faida huyeyuka. Nasema haya ili fedha kidogo iliyopo isielekezwe penye matumaini matupu.

Dawa zipo. Asidi ya zoledroniki, inayotiwa kwa dripu mara moja, imeonekana katika majaribio kwamba ikitolewa mapema baada ya jeraha hupunguza upotevu wa mfupa wa nyonga. Kwenye goti nguvu yake ni ndogo zaidi. Si dawa ya kugawa kama vidonge vya kichwa. Figo zipimwe kwanza, kalsiamu na vitamini D visiwe chini, meno yatazamwe, na kwa wasichana wanaotarajia kuzaa daktari afikiri mara mbili, kwa kuwa dawa hukaa mfupani miaka mingi. Lakini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, iliingizwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani iliyofika mifupani. Ninachothubutu kuomba ni kwamba kamati yako inayopitia Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Dawa Muhimu ilifikirie kundi letu pia, na mabingwa wa mifupa na mishipa ya fahamu wa taasisi ya MOI ya Muhimbili na hospitali ya KCMC ya Moshi waulizwe maoni yao.

Kuna pia kipimo cha DXA, kinachopima wingi wa madini mfupani. Sithubutu kukiomba kwa kila wilaya. Mwaka 2019 ISCD, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa upimaji wa mifupa, ilishauri kwamba mtu mzima mwenye ulemavu wa kudumu kutokana na jeraha la uti wa mgongo apimwe nyonga, sehemu ya chini ya paja na sehemu ya juu ya muundi mara tu hali yake inapotulia. Mwaka 2022 wenzetu wa Marekani, chini ya shirika la wanajeshi wastaafu waliopooza, walitoa mwongozo mzima juu ya afya ya mifupa yetu. Nayataja haya kwa sababu moja. Popote kipimo hiki kilipo nchini, desturi ni kupima kiuno na nyonga, kama wanavyopimwa akina mama waliokoma hedhi. Mifupa ya kiuno chetu sisi tunaokaa kitini mara nyingi huwa mizima, kwa kuwa inaendelea kubeba kifua na kichwa. Mtu anaweza kulipia kipimo, akaonyeshwa karatasi yenye majibu mazuri, akaenda nyumbani akiamini, na goti lake likawa limebakiwa na nusu. Kumwelekeza mpimaji alisogeze jicho la mashine hadi gotini kunahitaji mafunzo na programu inayofaa, na ningefurahi kuona hospitali moja tu ya taifa ikianza.

Mheshimiwa, nimebakiza jambo la nyumbani, na pengine ndilo linalonikaa moyoni zaidi. Hapa kwetu mguu usiotembea huchuliwa. Huchuliwa kwa mafuta ya nazi au ya karafuu, na mtu anayejua kazi yake, huku familia imekaa pembeni ikitazama vidole vya mgonjwa kama vitacheza. Ni tendo la upendo na silidharau. Mama yangu mzazi amenichua mimi. Ila mikono ile ile inayokandamiza paja la mtu mzima haifai kukandamiza mfupa uliobakiwa na nusu, na hakuna aliyewaambia. Tunatoka wodini na karatasi inayoeleza dawa, tarehe ya kliniki, wakati mwingine namna ya kubadili mpira wa mkojo. Ningeomba, kwa ruhusa yako, karatasi hiyo iongezewe mistari mitatu kuhusu mifupa: ushike goti kwa mikono miwili unapouinua mguu, usiusokote mguu unapomgeuza, na ukivimba ghafla usiuchue, mpeleke akapigwe picha. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali yako imewapa mafunzo na kuwarudisha mitaani, wanaweza kuifikisha mistari hiyo hadi kwenye mkeka anakolala mgonjwa. Wao huingia nyumba ambazo daktari haingii.

Najua pia kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaendelea kutekelezwa na kwamba kitita cha huduma kina mjadala mrefu, kila kundi likivutia kwake. Nisingependa kuonekana nimekuja na kikapu kikubwa. Ikilazimu kuchagua moja kati ya yote niliyoyataja, ichaguliwe picha ya mguu uliovimba, na banzi laini baada yake. Dawa na DXA vinaweza kusubiri wataalamu wakae. Mguu uliovunjika leo asubuhi hauwezi.

Ikiwa Mheshimiwa utaona vyema kumtuma mtaalamu yeyote wa Wizara, wa tiba au wa miongozo, azungumze nasi kabla ya kuandika lolote, tutampokea kwa heshima zote. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi katika darasa la mwisho la shule ninayofundisha, lenye njia ya mteremko na mlango mpana, na gari linafika hadi barazani. Tutakuja na picha zetu za eksirei, na ndugu zetu wanaotuhudumia watakuwepo kujibu maswali, kwa kuwa wao wanaifahamu miguu yetu kutuzidi.



Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa sekondari na mtumiaji wa kiti mwendo,
Muheza, Tanga.